Naombeni ushauri: nimeletewa sigara za bei ya chini sana, nitajuaje kama ni halali?

Duka_la_Kona: Wakuu, habari za jioni. Nina duka la rejareja Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kuna kijana kaniletea sigara kwa karibu nusu ya bei ninayonunulia jumla. Pakiti zinang'aa, nailoni imekaza, harufu ya tumbaku ipo. Mtu wa kawaida anatambuaje sigara iliyolipiwa kodi? Usingizi umeniruka.

Mzani_wa_Mpemba: Kung'aa hakukuambii kitu. Angalia stempu ya kodi ya kielektroniki, ilianza kwenye sigara mwaka 2019, za ndani na za nje. Pakua programu ya Hakiki Stempu, skani pakiti tano kutoka katoni tofauti. Kila stempu ina namba yake, kwa hiyo namba ikijirudia ujue ni nakala. Pitisha na ukucha: ikiwa imebandikwa juu ya nailoni, kona zinabanduka na gundi inanata kidoleni, hiyo imewekwa mtaani.

Neema_Ipogolo: Hayo ya stempu mimi nayaweka pembeni. Yenye stempu inaua, isiyo nayo inaua. Bei ikishuka wa kwanza kununua ni watoto wa shule, na sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ndugu yangu, uza unga na sukari.

Bani_Chunya: Tuelewane kuhusu ubora. Jani likitolewa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kabla mshipa wa kati haujakauka, robota (furushi la majani) linaota ukungu. Pasua sigara moja juu ya karatasi nyeupe: vijiti vingi, vumbi na rangi mchanganyiko ni dalili ya tumbaku duni. Lakini hapo unatambua sigara bandia tu. Ya magendo inaweza kuwa imetoka kiwanda halisi cha nchi jirani, na jani lake safi kabisa. Nafuu yake haitoki kwenye jani, inatoka kwenye ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa kila sigara 1,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake.

Mzani_wa_Mpemba: Duka_la_Kona, umeuliza kama mtu anayefikiria kununua. Stempu ipo? Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipo? Na mzigo uko wapi muda huu?

Duka_la_Kona: Stempu hakuna. Risiti hakuna. Onyo la afya limeandikwa Kiingereza tupu. Mzigo uko stoo tangu wiki iliyopita, maboksi mawili, pakiti 1,200. Nimeshauza kidogo, moja moja, mteja haoni pakiti. Sasa mkuu, wangapi wanauza hizi? Nimelipa nusu, nikirudisha mzigo hela yangu imeenda.

Hesabu_Kabwe: Huu uzi umetungwa. Boksi la kawaida la kiwandani lina katoni 50 za pakiti 10, yaani pakiti 500, sigara 10,000. Mawili ni pakiti 1,000. Hizo 200 zimetoka wapi? Huyu anachota namna watu wanavyoficha mzigo. Wadau, acheni kumjibu.

Duka_la_Kona: Sijatunga, kaka. Nimetoka kuhesabu sasa hivi kwa tochi ya simu. Kila boksi lilikuja na katoni 60, nikijumlisha na nilizokwisha kuuza. Nje yameandikwa biskuti. Gundi ya karatasi imepigwa juu ya gundi nyingine, na katoni za chini zimelazwa ubavu ili zienee.

Hesabu_Kabwe: Kama zimelazwa ubavu, nafuta kauli. Hayo si maboksi yake.

Mzani_wa_Mpemba: Hesabu imejibika. Zimetolewa kwenye maboksi ya asili zikafungwa upya ili zipite kama mzigo mwingine. Sasa sikiliza kwa makini. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 200, inamshika anayekutwa na mali isiyolipiwa ushuru kama alijua au alipaswa kujua. Bei ya nusu bila risiti inatosha kukuambia. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani, au vyote. Kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa ni kazi yako wewe, si yao. Kwa hiyo acha kuuza leo. Usihamishe, chombo kitakachobeba nacho kinaweza kutaifishwa. Usichome moto. Andika zilizobaki na zilizouzwa, tunza ujumbe wa huyo kijana na muamala wa simu. Tafuta wakili, muende TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla wao hawajaja kwako. Kifungu cha 219 kinampa Kamishna wa Forodha nafasi ya kumaliza shauri nje ya mahakama ukikiri kwa maandishi na kuomba hivyo.

Duka_la_Kona: Kuna jambo sikusema. Kesho saa nne yule kijana anakuja kuchukua nusu ya hela iliyobaki. Nilifikiri nimlipe tu yaishe.

Bani_Chunya: Usimpe hata mia. Unajua tayari ni mali gani, na muamala wa pili utaonyesha ulilipa huku unajua. Mpigie wakili usiku huu.

Neema_Ipogolo: Na lile kopo la kuuzia moja moja litoe mezani, watoto wanapita hapo asubuhi.

Duka_la_Kona: Nimelitoa. Wakili nakutana naye saa mbili. Stoo nimefunga: zimebaki pakiti 1,043, na sigara 7 za kwenye kopo.