Kabla Idi Hajalipia M3

Idi: Shikamooni wote. Nimelipata jamani. BMW M3, ile E92 ya milango miwili. V8 lita 4.0, nguvu za farasi 420. La mwaka 2009, limetembea kilomita 118,000. Bei yake ni sawa na kigari kidogo kipya. Muuzaji anataka arubuni kesho jioni.

Mama: Marahaba baba. Sasa kama ni bei moja, si uchukue hicho kipya?

Idi: Mama, ungelisikia linavyolia mshale wa mizunguko ukifika 8,000 usingeuliza.

Dada Mwana: Hongera mdogo wangu! Picha basi 😍

Baba Mdogo: Mimi nauliza mbona rahisi hivyo. Gari la farasi 420 kwa bei ya kigari, kuna kitu.

Mjomba Seif: Idi, usilipe arubuni. Niko kazini, nikitoka nitaandika kwa kirefu. Usitoe hata senti.

Idi: Sawa mjomba, nakusubiri.

Mjomba Seif: Nimefika. Kwanza elewa kwamba sikukatazi. Hakuna katika kikundi hiki anayekuelewa kama mimi. Lile langu la turbo nilikaa nalo miaka minne, na kila nilicholipia nilikiandika kwenye daftari. Ninalo hapa mezani. Mwaka wa kwanza, ukiacha petroli na bima, lilikula karibu theluthi ya pesa niliyolinunulia. Na mwaka huo halikuharibika kitu chochote kikubwa.

Mama: Theluthi!!

Baba Mdogo: Kama halikuharibika, theluthi ilikwenda wapi?

Mjomba Seif: Matairi, breki, oili, shoko, bushi, plagi. Vitu vya kuisha tu. Baba Mdogo umeuliza kwa nini rahisi, jibu ni hilo. Bei ya gari imeshuka kwa sababu lina umri. Spea zake hazikushuka. Lile gari lilitoka kiwandani likiwa la watu wenye pesa, na mpaka leo diski zake, pedi zake, shoko zake zinauzwa kwa bei ya watu haohao. Diski ya mbele peke yake ina kipenyo cha milimita 360. Ukinunua diski huwezi kumwambia muuza spea kwamba wewe umelipata gari kwa bei nafuu.

Idi: Mjomba, muuzaji amesema matairi bado mazima. Nimeona picha, kashata za mpira ziko juu kabisa.

Mjomba Seif: Amepiga picha upande gani?

Idi: Wa nje.

Mjomba Seif: Ngoja nikuambie kilichonipata. Na mimi niliona kashata nzuri kwa nje, nikaridhika. Baada ya miezi miwili gari likawa linavuta upande kila nikishika breki. Nikalipandisha jeki, nikapitisha mkono nyuma ya tairi bila kuangalia, nikauvuta una damu. Ukingo wa ndani ulikuwa umelika mpaka nyaya zimetokeza, nyembamba kama sindano. Magari haya magurudumu yake ya nyuma yamelazwa kidogo kwa ndani ili yashike kwenye kona, kwa hiyo yanalika sehemu usiyoiona. Kwa nje tairi jipya, kwa ndani kifo. Nilikuwa nimebeba watoto wa dada yenu siku ile.

Dada Mwana: Ya Rabi. Hukutuambia hilo.

Mjomba Seif: Sikutaka muogope. Basi Idi, ukifika piga magoti, tia tochi ndani. Pia soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa 2316, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kashata ziwe juu vipi mpira umeshakauka. Ya nyuma ya kwangu yalikuwa yanakwisha kila kilomita 15,000 hivi, na hayo ni mapana kuliko ya mbele, huwezi kuyazungusha ya nyuma yaende mbele.

Idi: Nimeandika. Mafuta je? Najua litakunywa.

Mjomba Seif: Litakunywa, lakini mafuta hayatakufilisi, utayaona kila wiki na utayazoea. Weka lita 17 au 18 kwa kila kilomita 100 za mjini, petroli ya oktani 98 ikipatikana. Bima piga simu uulize KABLA ya kununua, utaje modeli kamili na umri wako. Mimi niliuliza baada, nikajuta. Sasa twende kwenye injini, hapo ndipo nataka usome polepole.

Baba Mdogo: Tunasoma wote.

Mjomba Seif: Injini ya gari hilo inaitwa S65. Ni injini tamu, inatoa nguvu zake zote ikifika mizunguko 8,300 kwa dakika. Lakini muulize yeyote mwenye E92 M3, atakutajia beringi za konrodi. Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili unaozunguka chini ya injini, na beringi ni chuma laini kinachokaa katikati yao. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki ni finyu, na oili yake ni nzito, 10W-60. Mtu akiwasha asubuhi na kukanyaga papo hapo, oili bado nzito haijaenea vizuri, beringi inasugua krenki. Inalika kidogo kidogo, kimya kimya, haiwashi taa yoyote. Siku ukisikia ko-ko-ko kutoka chini umeshachelewa, krenki imechubuka, sasa unatafuta injini nzima. Na injini hiyo inaweza kukugharimu karibu na bei ya gari lenyewe.

Idi: Lakini zinabadilishwa kabla hazijafa, si ndiyo? Nimesoma hivyo.

Mjomba Seif: Ndiyo, zinabadilishwa kutokea chini. Injini inashikiliwa kwa juu, fremu ya mbele inateremshwa, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inafunguliwa. Beringi zenyewe si ghali sana. Unalipia siku za fundi, na fundi awe anayejua kukaza boliti kwa kipimo chake, si kwa mazoea ya mkono. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe hili: beringi zimeshabadilishwa? Zikiwa kilomita ngapi? Risiti iko wapi? Ukipata moja iliyofanyiwa kazi hiyo kwa karatasi, nunua hata kama bei imezidi. Ni rahisi kuliko hiyo yako.

Mjomba Seif: Swali la pili ni oili. Inaingia karibu lita 9, zaidi ya mara mbili ya gari la Mama. Uliza imebadilishwa kila kilomita ngapi. Mimi sizidishi 8,000, hata kama kompyuta ya gari inasema bado. Omba achote oili kidogo ipelekwe maabara. Gari la 2009 beringi zake zina risasi na shaba, zikianza kulika madini hayo yanaonekana kwenye oili kabla sikio halijasikia.

Dada Mwana: Mjomba lako wewe uliliuza kwa sababu hiyo?

Mjomba Seif: Eeh. Karakana moja ilinimwagia oili ya kawaida, nyepesi, mimi sikujua. Baadaye nilipobadilisha mwenyewe nikaikata filta kwa msumeno, nikakunjua karatasi zake juani. Kwenye mikunjo kulikuwa na chembe za njano, zinameta kama mtu amenyunyiza unga wa shaba. Nilikaa chini pale pale nikaishika ile karatasi muda mrefu. Gari lilikuwa linawaka vizuri, linalia vizuri, na tayari nilijua. Pesa ya kulifungua sikuwa nayo. Lilikaa miezi 7 juu ya matofali nikidunduliza, mwishowe nikamuuzia fundi, na nikamwambia ukweli. Siku linavutwa sikutoka nje.

Mama: Pole kaka. Tulidhani ulilichoka.

Mjomba Seif: Silichoki mpaka leo.

Baba Mdogo: Idi, na Subaru WRX STI je? Si rahisi zaidi?

Mjomba Seif: Spea nafuu kidogo, kweli. Lakini injini yake, ile EJ25, ina mkanda wa taimingi unaoendesha vali, ukikatika vali zinagonga pistoni. Hata hilo usinunue bila risiti ya mkanda.

Idi: Kwa hiyo niwe na akiba ya kiasi gani mjomba?

Mjomba Seif: Chukua bei ya gari, robo yake ikae benki kabla hujalichukua. Isiguswe na harusi wala kodi ya nyumba. Kama beringi hazijabadilishwa, ongeza pesa ya beringi juu yake. Kama ukishanunua hubaki na kitu, basi gari hilo hujaliweza bado, subiri mwaka mmoja. Zitakuwepo.

Idi: Ninayo robo. Ya beringi sina. Nimemwandikia muuzaji sasa hivi.

Idi: Amejibu: "Beringi hazina shida kaka, injini iko poa. Risiti za oili ninazo mbili."

Baba Mdogo: Mbili kwa miaka mingapi?

Idi: Amelimiliki miaka mitano.

Mama: Idi.

Idi: Nimesikia Mama. Nimemwambia sitoi arubuni mpaka oili ipimwe, na kama hataki amuuzie mwingine. Amekubali tuje Jumamosi saa moja asubuhi. Mjomba, utakuja?

Mjomba Seif: Nakuja, na tochi yangu na chupa safi ya sampuli. Nataka aliendeshe yeye mwenyewe kwanza, mimi nikae pembeni. Kwenye duara la mizunguko kuna taa ndogo zinazozimika moja moja kadiri oili inavyopata moto. Nitamtazama mguu wake kabla hazijazimika.

Mjomba Seif: Na mwambie asiliwashe kabla hatujafika. Nikigusa boneti nataka niikute ya baridi.

Idi: Nimemwambia. Saa kumi na mbili na nusu nakupitia.