Tupeane uzoefu: nyumbani kwako muziki unausikilizaje?

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nimehamia Tabata Kimanga, chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita na mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mshahara ulipoingia nikashuka Kariakoo nikanunua sabufa, ile spika kubwa ya besi pamoja na vispika vyake viwili vidogo. Boksi limeandikwa wati 5,000. Kwenye daladala nimeipakata kama mtoto.

Nikaiweka konani nyuma ya mlango, ndipo palipobaki nafasi. Kuwasha tu, besi ikaitika mpaka vikombe vikaanza kutembea kabatini, ila maneno ya mwimbaji siyasikii. Wimbo wa pili haujaisha, bibi wa chumba cha jirani akagonga: "Mjukuu wangu, muziki wako mzuri, lakini kitanda changu kinacheza na mimi nimelala."

Aibu niliyoona sijaimaliza. Hebu tupeane uzoefu: nyumbani unasikiliza kwa chombo gani, umekiweka wapi, na majirani wanasemaje? Orodha ya nyimbo sitaki, nataka habari za ndani.

Hana Redio
Mimi nasikiliza ya jirani. Umeme wake, bando lake, mimi kazi yangu kucheza. Tatizo akisafiri.

Fundi wa Buguruni
Mpangaji, kona ndiyo iliyokuponza. Besi ikiwa karibu na kuta mbili na sakafu, zote zinairudisha chumbani, ndiyo maana inafunika sauti ya mwimbaji. Itoe hapo, hata hatua mbili zinatosha, na chini yake weka kipande cha godoro ili isitikise sakafu. Halafu vile vispika vidogo viwili usivipange juu ya sabufa. Vipandishe usawa wa masikio ukiwa umekaa, kimoja huku kimoja kule. Maneno yanatokea humo.

Kwa bibi lakini sikuahidi sana. Nyumba zetu nyingi hazina dari, ukuta wa chumba unaishia chini ya paa, kwa hiyo sauti inapita juu kama paka.

Wati 5,000 ni za boksi, zimeandikwa kukufurahisha. Igeuze usome karatasi ya nyuma, utakuta 40 au 50 hivi. Na hiyo namba ndogo ndiyo ya kumwonyesha mwenzio mkigombana kuhusu LUKU. Wati 45 kwa saa sita kwa siku ni uniti 0.27, mwezi mzima kama uniti nane, tena hapo umeifungulia mpaka mwisho. Watu wanamnunia mwenye sabufa wakati kuna mtu ana jiko la umeme ndani na amenyamaza.

Zamani tulikuwa hatununui boksi la spika. Nikiwa najifunza kazi nilichukua spika ya gari, nikaifunga kwenye mdomo wa mtungi, nikaipeleka kwenye betri ya gari. Ule mlio mzito wa mle ndani sijaupata tena kwenye mbao. Mama alikuwa anautafuta mtungi wake siku ya tatu.

Mama Wawili, Mbagala
Nyie mnaongelea wati, huku kwetu muziki ni barua.

Niliwahi kukaa nyumba moja na dada mmoja tuliyekosana kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Hakunisemesha. Ila kila nikitoka uani na beseni langu, anafungulia taarabu, na si wimbo wowote tu: ule wa kumsema mwenye wivu, na pale penye maneno anaongeza sauti, pakipita anapunguza. Unamjibuje mtu ambaye hajasema kitu? Nikaenda kwa kijana wa memori kadi barabarani, nikamwambia niwekee mipasho, chagua mikali. Wiki mbili tukapigana kwa spika. Majirani wakawa wanakaa barazani jioni kusubiri zamu ya nani. Vita yetu ilikwisha siku umeme ulipokatika na yeye hana kiberiti. Akaja kugonga. Nikampa, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Siku hizi nina karedio kadogo jikoni. Asubuhi sihitaji saa, kipindi kikibadilika najua mtoto amechelewa shule. Jumamosi ndiyo siku ya usafi, nafungulia kwa nguvu na asinisemeshe mtu. Watoto wao wanatumbukiza simu kwenye kikombe kitupu, eti spika. Inasaidia kweli, ila chai yangu naweka wapi?

Tandale Ndani
Singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, haisikilizwi nyumbani, nyumba ndiyo inasikiliza singeli. Mimi nalinda usiku nalala mchana, natumia vizibo vya masikio. Sina la kuongeza.

Mzee wa Ilala
Vijana, nimesoma nikatabasamu. Tanzania Bara tulikaa bila televisheni mpaka 1994, kwa hiyo sisi muziki wa nyumbani ulikuwa redio, na redio ilikuwa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi pale na nyimbo zikapigwa pale. Ukitaka wimbo uwe wako, unauvizia. Unaweka kaseti tupu, kidole juu ya kitufe, nyumba nzima kimya, mnaomba mtangazaji asiongee katikati. Alikuwa anaongea. Nina nyimbo mpaka leo nikiziimba naimba na salamu za mtu wa Kilosa.

Kaseti ya dakika 60 ni 30 kila upande, unapiga hesabu wimbo usikatike. Ukimaliza unavunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Mjomba wangu alijua dawa yake: anaziba tundu kwa karatasi ya gundi, anarekodi upya. Kurudisha mkanda tulitumia kalamu ya Bic, tunazungusha kwa mkono, kwa sababu redio ikirudisha yenyewe inakula betri, na betri zikichoka tulizianika juani pamoja na dagaa. Sauti ikianza kufifia ni pamba na spiriti, unafuta kichwa cha kusomea.

Ugomvi wa nyumbani ulikuwa mmoja. Baba alishabikia bendi ya Msondo, tangu ikiitwa NUTA Jazz, 1964. Mjomba bendi pinzani, Sikinde, iliyoanza 1978. Redio moja. Baba akitoka kazini mjomba anachomoa kaseti yake. Siku moja baba akamkuta anamsikiliza Muhidin Gurumo, mwimbaji aliyemjua wa Msondo, akakaa naye kwa furaha, "leo umerudi nyumbani." Mjomba akamwacha mpaka wimbo ulipokwisha, ndipo akamwonyesha jalada: Sikinde. Mzee Gurumo alikuwa amehamia huko. Baba hakula usiku ule. Gurumo alikuja kurudi Msondo baadaye, na baba akamsamehe kama ndugu yake.

Mpangaji wa Tabata
Fundi, nimegeuza nikasoma: 40. Nimeitoa konani, iko juu ya kipande cha godoro, na leo nimesikia kinanda ambacho sikujua kimo kwenye ule wimbo. Bibi hajagonga, ila sijui kama yupo. Mzee, shikamoo, hizo kaseti bado zinalia?

Mzee wa Ilala
Marahaba. Kaseti zipo kwenye ndoo ya rangi, nzima. Redio ndiyo imegoma, taa inawaka lakini mkanda hauzunguki.

Fundi wa Buguruni
Mzee wangu, shikamoo. Huo ni ule mpira mwembamba wa ndani, umelegea tu, ninao. Ilete. Kaseti ya kujaribia usijisumbue kubeba, ninayo mwenyewe, hapa kwangu ni Sikinde.

Mzee wa Ilala
Marahaba. Basi acha ikae.