Ukorofi wa wapanda farasi njiani: waandaaji watajificha nyuma ya "hatukuona" mpaka lini?

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoshwa na namna waandaaji wa mbio za farasi za masafa marefu wanavyoshughulikia, au niseme wanavyokwepa kushughulikia, ukorofi unaofanyika njiani. Kila ukilalamika, jibu ni lilelile: hakuna ofisa aliyeona, hivyo ni neno lako dhidi ya neno lake, yamalizeni wenyewe. Katika mchezo ambao njia inaweza kufika kilomita 160 kwa siku moja, na maofisa karibu wote wako vituoni, pale farasi wanapokaguliwa na daktari wa mifugo na kupumzishwa, walitarajia nani aone?

Tukio lililonichosha kabisa lilitokea kwenye birika la maji. Farasi wangu alikuwa ameinamisha kichwa anakunywa, sambamba na farasi wa binti mmoja aliye mgeni katika mchezo huu, ndipo akatokea mpanda farasi mwingine akija shoti, hakupaza sauti wala hakuomba njia, akamwingiza farasi wake katikati yetu. Farasi huyo alikuwa amefungwa utepe mwekundu mkiani, ishara inayowatahadharisha wengine kwamba ana tabia ya kupiga mateke, na kweli alipiga: kwato ilipita karibu na goti la yule binti ikatua kwenye paja la farasi wake. Bwana yule alichovya sifongo, akamkamulia farasi wake maji shingoni, kisha akaondoka kwa kasi ileile ilhali wetu hawajamaliza kunywa. Aliyewahi kushika hatamu anajua kinachofuata: waliobaki wanaacha maji na kung'ang'ania kumfuata mwenzao. Utepe ule, kwa taarifa yake, unamtaka mwenye farasi akae mbali na wenzake. Haumpi ruhusa ya kuwapiga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba gharama ya ukorofi humwangukia aliyetendewa. Farasi aliyeshtuliwa hufika kituoni moyo ukienda mbio, na muda wake wa mapumziko hauanzi kuhesabiwa mpaka mapigo yashuke hadi kiwango kilichowekwa, ambacho aghalabu ni 64 kwa dakika. Asiyekunywa vizuri yuko hatarini kupungukiwa maji mwilini, na anayechechemea huondolewa papo hapo, jambo ambalo ni sahihi kwa usalama wa mnyama. Farasi wa yule binti aliondolewa kwa kuchechemea. Aliyemsababishia jeraha alimaliza, akapewa zawadi, akapigiwa makofi.

Wala si kweli kwamba ushahidi haukuwepo. Jeraha bichi lilikuwa pajani, daktari wa mifugo aliliandika kwenye kadi ya farasi, mashahidi tulikuwa wawili, na saa zetu zenye GPS zingeonyesha nani alikuwa birikani dakika ile. Hakuna aliyeuliza. Msimamizi alituambia kwamba "atazungumza naye", na mazungumzo hayo, kama yalifanyika, hayakuandikwa popote, kwa hiyo katika mbio zijazo mkosaji atapanga mstari akiwa msafi kama sisi sote.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lina kadi ya onyo ya njano, na mhusika anayepewa ya pili ndani ya mwaka mmoja husimamishwa kwa muda. Sidai kwamba utaratibu huo hauna kasoro, lakini angalau onyo linaandikwa na linamfuata mtu kutoka shindano moja hadi jingine. Mbio ndogo zinashindwa nini kuweka daftari?

Ninachotaka ni hiki: malalamiko yapokelewe kwa maandishi katika kituo kinachofuata, mtuhumiwa ahojiwe hapohapo kabla hajaruhusiwa kuendelea, na matokeo yake yasithibitishwe mpaka shauri liamuliwe. Najua wapo watakaosema kwamba washindani watasingiziana. Basi anayethibitika kusingizia naye aadhibiwe. Hofu ya waongo wachache haiwezi kuwa sababu ya kuwafumbia macho wakorofi.

Waandaaji mliomo humu, nawaomba mjibu bila kuzunguka: katika mbio zenu, mtu aliyetendewa hivi anamwandikia nani, kabla ya saa ngapi, na mara ya mwisho mlipomwondoa mpanda farasi kwa ukorofi wa njiani ilikuwa lini?