Mjadala: Nyimbo za matusi na picha za nusu uchi hadharani, wa kumkinga mtoto ni mzazi au mwenye spika?

Mleta mada

Wakuu, tujadili hili kwa hoja, hasira tuziweke kando. Nyumbani mzazi ana rimoti. Wimbo ukivuka mpaka anabadilisha chaneli, yamekwisha. Ndani ya basi, kituoni, kwenye foleni ya zahanati au saluni, rimoti iko mkononi mwa mtu mwingine. Mtoto wa miaka sita hawezi kuziba masikio safari nzima, na bango la mita 12 halina swichi.

Msimamo wangu: anayeweka kitu mahali ambapo mtoto hana pa kukwepea ndiye abebe mzigo. Mtu mzima asikilize anachotaka, ila asimsikilizishe na mtoto wa mwenzake.

Na ninaposema "kingono" sihesabu magoti yaliyo wazi. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, katika ripoti yake ya 2007 kuhusu wasichana kilitaja dalili nne, na moja tu inatosha: thamani ya mtu kupimwa kwa mvuto wa kimapenzi peke yake, uzuri kuchukuliwa kuwa ni kutamanisha, mtu kugeuzwa chombo cha wengine, na ujinsia kubandikwa kwa mtu asiyestahili kubandikwa. Ya nne ndiyo inayomgusa mtoto moja kwa moja. Tangazo la nguo za watoto linalompozisha binti wa miaka minane kama mwanamitindo wa klabu linaangukia hapo, hata gauni likifika kwenye vifundo.

Mwanasheria

Mkuu, nia yako naikubali. Tatizo linaanza pale unaposhika kalamu kuandika sheria.

Mji wa Jacksonville huko Florida ulipiga marufuku sinema za wazi, zile za kutazama ukiwa ndani ya gari, kuonyesha uchi wowote unaoweza kuonekana kutoka barabarani. Kisingizio kimojawapo kilikuwa watoto. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa amri hiyo, kwa sababu kwa jinsi ilivyoandikwa, hata makalio ya mtoto mchanga au mwili wa mtu aliyeuawa vitani yalikuwa kosa. Ndivyo kunavyoharibika karibu kila mahali. Neno "uchi" ni rahisi kuandika na ni rahisi kwa askari kulitumia, basi linawazoa mama anayenyonyesha, bango la kondomu na mchoro wa kujipima saratani ya matiti. Wimbo wenye mafumbo ambayo kila mtu anayaelewa isipokuwa hakimu unapita bila kuguswa.

Na hiyo ripoti ya APA ushahidi wake mwingi ulitoka kwa wasichana wakubwa na wanawake vijana. Inafaa kama fasili. Ukiitumia kama uthibitisho wa madhara kwa mtoto wa chekechea utaumbuka.

Fundi Sauti

Nyie mnapima maneno, mimi napima desibeli, yaani ukubwa wa sauti.

Mahali pa wazi, sauti ya spika moja hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika yenye 90 kwenye mita 1 itakuwa na 66 hivi kwenye mita 16. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Kwa hiyo aliye ng'ambo ya barabara anapata mashairi neno kwa neno. Shusha hadi 75: kwenye mita 8 zinabaki 57, na magari yanaimeza iliyobaki.

Halafu geuza spika. Maneno tunayatambua zaidi kwenye masafa ya sauti ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 hadi 4,000, na masafa hayo hukimbia karibu kwa mstari. Besi ndiyo inayopinda kona na kupita ukutani. Ukigeuza spika ikaupa mlango ubavu, nje utasikia mdundo bila matusi. Spika nne ndogo darini kwa sauti ya chini ni bora kuliko dubwana moja mlangoni.

Kuhusu orodha ya nyimbo, wengi wanapakua "toleo safi" na kudhani wamemaliza. Penye kasoro ni hapa:

Kwanza, kucheza kiotomatiki. Orodha ya nyimbo 20 ikiisha baada ya saa moja na kitu, programu inachagua yenyewe nyimbo za kufanana. Zima kipengele hicho, au weka mafaili kwenye fleshi na uondoe intaneti kabisa. Pili, alama ya herufi E, inayoonya kwamba wimbo una maneno machafu, haiwekwi na mkaguzi yeyote. Anaitangaza msanii au msambazaji wake, na nyimbo nyingi za lugha zetu hazina alama hata zikiwa chafu kiasi gani. Tatu, toleo safi hufuta neno na kuacha habari. Kimya cha nusu sekunde katikati ya kibwagizo mtoto anakijaza mwenyewe, tena kwa sauti, mbele ya bibi yake.

Mleta mada

Sawa fundi, ila mwenye duka anaiweka mlangoni makusudi, ili iite wateja.

Fundi Sauti

Hapo fizikia inaishia, namrudishia mwanasheria.

Mtu wa Mabango

Kwenye matangazo wapo wanaodhani dawa ni futi ya kupimia. Baada ya tathmini ya Reg Bailey kuhusu biashara na mambo ya kingono katika maisha ya watoto, aliyoikabidhi kwa serikali ya Uingereza mwaka 2011, wasimamizi wa matangazo wa huko walianza kuweka sharti kwamba baadhi ya mabango yenye picha za kingono yasikae ndani ya mita 100 za shule. Ni mwanzo mzuri, lakini angalieni hesabu. Kwa kipimo cha haraka cha mafundi, kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinasomeka vizuri kwa mita 3. Herufi ya nusu mita inasomeka vizuri kwa mita 60, na mwenye macho makali ataipata hata mita 150. Picha ya mtu inatambulika mbali zaidi ya hapo. Bango kubwa lililoelekea geti la shule kutoka mita 110 limefuata sharti na limevuruga kila kitu. Ningetaka sharti litaje ukubwa wa bango, uelekeo wake, na njia ambayo watoto wanaipita kwa miguu. Geti peke yake halitoshi.

Skrini za dijitali zina ugonjwa wao. Tangazo la watu wazima hupangiwa kuanza, tuseme, saa 3 usiku. Mtandao ukikatika, mashine huendelea na orodha iliyohifadhiwa ndani yake, na kama masharti ya saa yalikuwa kwenye seva tu, tangazo la usiku linatokea saa 2 asubuhi watoto wakienda shule. Au saa ya mashine imeachwa kwenye majira ya kiwandani, mkosi wa kijinga kuliko yote. Dawa ni kuandika muda ndani ya faili la kila tangazo, na orodha ya dharura iwe na matangazo yanayofaa rika zote tu.

Anayetaka kulalamika asipige picha moja. Skrini nyingi huzungusha matangazo kama sita ya sekunde 10, kwa hiyo rekodi dakika mbili nzima. Andika saa, mahali, bango linatazama wapi, na namba ya kibao cha mmiliki chini ya nguzo. Kisha omba kitu kimoja kinachotekelezeka: lihamishwe, ligeuzwe, au libadilishiwe saa. "Ondoeni uchafu huu" ni barua inayoishia kwenye droo.

Mwalimu wa Awali

Mnalisema bango, jukwaa mmelisahau. Watoto wa miaka mitano wanapandishwa kwenye sherehe ya shule wakate viuno kwa wimbo wa kitandani, watu wazima wanashangilia, simu zinarekodi, na jioni video iko mtandaoni. Hakuna mfanyabiashara hapo wa kumlaumu. Wimbo wa sherehe uchaguliwe wiki mbili kabla, mashairi yasomwe yote kwenye karatasi na watu wawili, kisha asiyejua wimbo aoneshwe uchezaji bila muziki. Miondoko ikiwa na tatizo, bila mdundo inaonekana wazi.

Na mtoto akishaona, msimzibe macho kwa kishindo. Mnamfundisha kwamba pale pana siri tamu. Sentensi mbili zinatosha: "Hilo tangazo linauza manukato. Wamemvua nguo ili watu waligeukie." Akiuliza zaidi, jibu alichouliza, usimwage somo zima.

Mwanasheria

Fundi kanirudishia, basi. Sheria ninayoweza kuitetea mahakamani inagusa mahali, saa na kiwango cha sauti, na inamfunga kila mtu, mwimba kaswida na mwimba matusi. Haihitaji askari aamue kipi ni kichafu. São Paulo ilikwenda mbali zaidi: sheria iliyoanza kutumika 2007 iliondoa matangazo ya nje takribani yote, ya sabuni kwa ya chupi.

Ila siamini sana kanuni ya saa. Televisheni za Uingereza huzuia vipindi visivyofaa watoto kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 usiku. Marekani, kwa vituo vya kurusha hewani, ni saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kanuni hizo zinadhani mtoto amelala. Kwenye basi la usiku mtoto yuko macho, na video inatoka kwenye fleshi ambayo haina saa.

Mleta mada

Sasa ndani ya basi tufanyeje? Abiria wazima nao wamelipa nauli.

Fundi Sauti

Skrini ibaki, sauti yake kwenye spika za juu ya abiria ikatwe, kila kiti kiwe na tundu la hedifoni. Video ni zile zilizokaguliwa kabla ya fleshi kuchomekwa, na fleshi ifungiwe ndani ya kasha ili kondakta asibadilishe njiani. Dereva akitaka muziki, spika moja juu ya kichwa chake, zile za nyuma zikatwe waya.

Mwalimu wa Awali

Picha bila sauti bado ni picha, fundi. Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hahitaji hedifoni kuiona.