Sikio la mtoto: amoksisilini ya kawaida au yenye klavulanati?

BintiMkomani
Asalaam aleikum. Mtoto ana sikio, usiku halali. Daktari kaandika amoksisilini, lakini famasi wanasema nichukue yenye klavulanati, ndiyo kali. Bei ni zaidi ya maradufu. Nichukue ipi? Duka lafungwa saa mbili.

NahodhaShela
Waaleikum salaam. Ana umri gani? Kilo ngapi? Sikio latoa usaha? Penisilini, jamii ya dawa ambayo amoksisilini imo, imewahi kumdhuru? Hujasema lolote, dada.

MamaTwaha
Klavulanati tu. Wanangu wote wamepona nayo.

FamasiaLangoni
Mama Twaha, pengine wangepona hata kwa ile ya kawaida. Amoksisilini hunasa protini ambazo bakteria hutumia kuunganisha ukuta wake. Ni kama fundi anayejenga kwa mawe ya matumbawe akanyimwa chokaa: mawe yapo, hayashikani. Bakteria akiendelea kukua, maji humjaa ndani, hupasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, kwa hivyo hazipasuki.

Sasa, kuna bakteria wanaotoa kimeng'enya, beta-laktamasi, kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi. Klavulanati hukifunga kimeng'enya hicho, basi. Pneumokoki, bakteria msumbufu mkubwa wa masikio, hana kimeng'enya hicho. Akiwa sugu ni kwa sababu amebadilisha zile protini, na hapo daktari huongeza dozi ya amoksisilini; klavulanati haisaidii. Bakteria wengine wa masikio wanacho: Moraksela karibu wote, na baadhi ya Hemofilasi. BintiMkomani, mtoto ametumia amoksisilini mwezi huu uliopita? Hilo ndilo laweza kubadilisha jibu.

MamaTwaha
Na mafua je? Wangu humpa akianza tu kukohoa.

FamasiaLangoni
Mafua ni virusi, na virusi hawana ukuta wa kuvunjwa. Tafadhali usimpe.

AmiWaPate
Hilo swali la penisilini kudhuru msilipite hivi hivi. Mpwa wangu alikuwa ashatoka mapele kwa sindano ya penisilini. Zahanati moja ikampa amoksisilini, hakuna aliyeuliza. Usiku midomo ikavimba, mwili mzima vipele vya kuwasha, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Na maji yamekupwa, boti imekaa kwenye tope. Tukambeba begani, tope magotini, hadi kwenye boti iliyokuwa majini. Alipofika Amu (mji wa Lamu) akachomwa adrenalini, alhamdulillahi akapona. Tangu siku hiyo mama yake ameandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki: ASIPEWE PENISILINI. Fanyeni hivyo.

NahodhaShela
Pole sana, ami. Boti ya wagonjwa ya kukesha ndiyo tunayolilia kila mwaka.

BintiMkomani
Samahani, nilikuwa nambembeleza. Mwaka na nusu, kilo kumi. Ana homa, usaha hakuna. Penisilini haijawahi kumdhuru. Ila friji yangu imekufa, na wanasema dawa ya maji lazima ikae baridi.

FamasiaLangoni
Ya klavulanati ikishachanganywa, lazima friji. Ya kawaida friji ni bora, lakini hustahimili mahali pa baridi. Hujanijibu la mwezi uliopita.

MamaTwaha
Barafu ya wavuvi kwenye kasha la kuhifadhi baridi, mimi hufanya hivyo stima ikikatika.

NahodhaShela
Barafu hiyo siku hizi waipata wapi? Sisi twakosa hata ya samaki.

MamaTwaha
Nenda gatini alfajiri, kabla boti za Kizingitini hazijaimaliza.