Spishi (aina za viumbe) zikiongezeka eneo moja, ndio tuseme binadamu haharibu?

Mleta mada: Wadau, kuna hoja naikuta sana siku hizi, eti habari za viumbe kupotea zimetiwa chumvi, maana ukihesabu spishi sehemu moja moja idadi haishuki. Na kweli, mwaka 2014 watafiti walipitia kumbukumbu 100 za miaka mingi kutoka pande nyingi za dunia, wakakuta kwa wastani idadi haijapungua. New Zealand nako mimea ya kigeni iliyosambaa porini imeifanya jumla ya spishi za mimea iwe karibu mara mbili ya zamani. Ila watafiti walewale walikuta spishi zenyewe zinabadilika kwa kasi, wengine wanatoka wengine wanaingia, na wageni mara nyingi ni walewale kila mahali, panya, shomoro, njiwa, magugumaji. Kila sehemu inaongeza kidogo huku dunia nzima inapungukiwa, mi naona hapo ndio tunadanganyika.

Mchangiaji: Mkuu, viumbe vimehamahama tangu enzi na enzi. Ukifyeka kipande cha msitu ndege wa mbugani wanaingia, wale wa msituni wanahamia msitu wa jirani. Hasara iko wapi?

Mleta mada: Iko hapohapo kwenye jirani, ndugu yangu, maana jirani naye anafyeka. Na kuna viumbe havina jirani kabisa. Chukua furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, aina kama 500, karibu wote hawapo kwingine duniani. Sangara akapandikizwa miaka ya 1950 akawala sana, lakini hata bila kuliwa wanapotea. Jike la furu anachagua dume kwa rangi, huyu mwekundu yule wa bluu, sasa maji yakivurugwa na tope na mbolea za mashambani mwanga haupenyi, jike hatofautishi, aina mbili zinazaliana mpaka zinakuwa moja. Hakuna nyavu wala sumu, na aina imeshaenda.

Mchangiaji mwingine: Lakini sangara huyo analisha watu na kusomesha watoto.

Mleta mada: Hilo silipingi hata kidogo, na sisemi atolewe. Nachodai ni kwamba kabla ya kufyeka au kupandikiza kitu, tusiishie kuuliza hapa pana spishi ngapi, tuulize zipi hazipo pengine popote. Huyo sangara siku anaingia ziwani, hesabu ilipanda kwa moja.