Kibegi au sanduku la magurudumu kwenda kujifungulia? Naombeni ushauri wadau

nyota_njema
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni ushauri na tafadhali msinicheke maana hili jambo limeninyima usingizi leo siku ya tatu. Niko wiki ya 34, mimba ya kwanza, nataka kupaki vitu vya kwenda navyo hospitali. Nimenunua kibegi changu kizuri cha kitambaa cha kuning'iniza begani, kina mfuko wa pembeni, kinaingia kanga mbili, nguo za mtoto seti tatu, pedi, taulo dogo, sabuni na kadi ya kliniki, basi kimejaa. Dada yangu alipokiona akasema hiki ni cha kwenda kuogelea sio kuzaa, akanitolea sanduku lake la magurudumu lile la kusafiria kabisa, anataka nipaki nguo za siku tano. Siku tano za nini jamani? Mimi ninachojua mtu anajifungua leo kesho yuko kwake. Kila nikiliona hilo sanduku pembeni ya kabati moyo unaenda mbio. Sasa kati ya hivi viwili kipi kinafaa? Wenye uzoefu naombeni.

mzee_wa_kona
Nawahi siti ya dirishani. Wataalamu wakifika mniamshe.

mama_wawili
Hongera mamii. Mimi nakwambia sio kibegi wala sanduku, paki mabegi MAWILI, la kwako na la mtoto, na uyaandike majina, usiniulize kwa nini, au basi nikwambie tu. Mtoto wangu wa kwanza chupa ilipasuka saa nane usiku, baba watoto akachanganyikiwa akabeba begi lililokuwa mlangoni tukaondoka, kufika leba nesi anafungua atoe shuka la kumpokelea mtoto anakutana na njumu, soksi chafu na jezi namba tisa. Begi lake la mpira. Langu lilikuwa nyuma ya mlango huo huo. Mwanangu alifunikwa shuka la mama wa kitanda jirani, mpaka leo namwombea dua yule mama.

Haya, vya kubeba: pedi zile kubwa za uzazi sio hizi za kila mwezi, maana damu ya siku za kwanza ni nyingi na inaweza kukusindikiza mpaka wiki sita. Magauni yanayofunguka mbele ili unyonyeshe bila kuvua nguo nzima. Chupi za bei rahisi za rangi nyeusi, nyingi, zikichafuka unatupa. Ndala zisizoteleza za kuingia nazo bafuni. Mfuko wa nguo chafu. Kofia ya mtoto, vitoto vinapoteza joto haraka sana kichwani. Na chaja yenye waya MREFU, soketi za wodini huwa ziko mahali ambapo mtu mwenye nyuzi hafiki.

baba_tatu
Siku hizi kuzaa kumekuwa maonyesho. Mabegi, magauni, sijui mishumaa ya harufu. Mama yangu alizaa tisa na hakuwahi kumiliki sanduku.

mama_wawili
Na wewe kati ya hao tisa ulibeba begi la nani? Kaa kimya.

sisimizi
Samahani nyota, nimesoma mara mbili. Dada yako amesema siku tano, hakusema mbili wala tatu. Kuna kitu anajua?

nyota_njema
Hamna kitu, ana wasiwasi tu kwa asili. Asante mama_wawili, hiyo ya chaja nilikuwa sijaiwaza. Wengine mnasemaje, begi la begani si linatosha?

bi_mkunga
Mwanangu shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa. Nimefanya kazi leba miaka mingi. Aliyejifungua kawaida na hana shida, hutoka siku hiyo au ya pili. Aliyepasuliwa ndiye anakaa siku mbili, tatu, nne, kutegemea anavyoendelea. Kwa hiyo dada yako hajakosea hesabu, dada yako anahesabu upasuaji. Kliniki ya mwisho daktari alikwambia nini?

nyota_njema
Shikamoo mama. Alisema kondo la nyuma liko chini kidogo. Ila alisema huwa linapanda.

bi_mkunga
Marahaba. Kidogo ni kiasi gani? Liko karibu na mlango wa kizazi au limeufunika? Na hiyo utrasaundi ilikuwa ya wiki ya ngapi?

nyota_njema
Ya kwanza wiki ya 20. Ya pili juzi juzi, wiki ya 32.

sisimizi
Mama ameuliza maswali mawili, umejibu la pili.

nyota_njema
Jamani mbona mnanihoji kama nimeiba. Mimi nimeuliza begi.

nyota_njema
Haya. Wameandika limefunika. Na wiki ya 31 nilitokwa na damu, kidogo sana, nyekundu, haikuuma hata, ikakata yenyewe. Daktari anasema nipangiwe upasuaji wiki ya 36 au 37 na labda nilazwe kabla. Lakini mimi najisikia mzima kabisa, napanda ngazi, nafua. Na huyo huyo daktari ndiye aliyesema kuwa huwa linapanda! Shangazi yangu aliambiwa hivyo hivyo akasubiri uchungu nyumbani akazaa salama. Kwa hiyo na mimi nimeona nisubiri uchungu uje wenyewe, nikifika hospitali nimeshaanza hawatakuwa na haraka ya kisu. Ndio maana nilinunua kibegi. Nikipaki hilo sanduku ni kama nimeshasaini.

mama_wawili
Weee nyota. Futa hilo wazo.

bi_mkunga
Sikiliza mwanangu, na usome taratibu. Wiki ya 20 wengi huambiwa kondo liko chini na wengi kweli linasogea, kwa sababu sehemu ya chini ya mji wa mimba inakua na kutanuka inaliondoa mlangoni. Hapo daktari hakukudanganya. Lakini lako wiki ya 32 bado limefunika na limeshatoa damu, na damu ya aina hiyo nyekundu isiyo na maumivu ndiyo yenyewe. Mtoto hawezi kupita palipozibwa. Uchungu ukianza mlango unafunguka, mlango ukifunguka kondo linabanduka, unamwaga damu wewe na mtoto anakosa hewa. Ndio maana hatusubiri uchungu, ndio maana wanataka wiki ya 36 au 37. Shangazi yako lake lilipanda au lilikuwa pembeni, wala simbishii. Lako limefunika. Ikitoka damu tena hata tone, usioge, usipaki, nenda. Na yeyote atakayekupokea mwambie kabla ya salamu kwamba kondo limefunika, ili asikupime njia kwa vidole. Na mzee wako nyumbani avumilie, chumbani ni likizo.

baba_tatu
Haya mambo ya hofu ya kisu ni kukosa imani tu. Mungu ndiye anayezalisha.

kijana_wa_juu
Huyo huyo Mungu ndiye kaweka thieta mzee.

Mimi niliyepo hapa nilitolewa kwa kisu, mama alinihadithia walivyomuingiza chumba cha baridi hatari, meno yanagongana, akamwomba mganga wa usingizi amshikie mkono, yule baba akamshika mpaka nalia. Kila birthday yangu hiyo stori lazima irudiwe. Sijui nilitaka kusema nini. Pole dada.

fundi_makini
Subirini kwanza wakuu. Hii ni CHAI. Tena ya rangi. Nimeingia kwenye akaunti ya huyu nyota_njema, miezi mitatu nyuma kwenye uzi wa magari aliandika "wakuu gia boksi yangu inagonga nikiingiza namba mbili, na mke wangu ni mjamzito sitaki imwangushe njiani". MKE WANGU. Leo yeye ndiye mjamzito?

mzee_wa_kona
Nimeamka. Nani kaniamsha, chai iko wapi.

kijana_wa_juu
😂😂😂 nimemaliza machozi yangu kwa dume.

sisimizi
Na kweli, nimeucheki huo uzi upo. Nyota hebu jieleze.

baba_tatu
Nilijua. Tangu mwanzo nilijua.

mama_wawili
Ulijua nini wewe, si ulikuwa unahubiri hapa sasa hivi.

nyota_njema
Jamani akaunti ni ya mume wangu, ipo kwenye simu aliyoniachia, hata jina alichagua yeye. Mke mjamzito aliyeandikwa kule ndio mimi. Wiki ya 34 toa miezi mitatu, pigeni hesabu wenyewe.

fundi_makini
Utetezi wa kawaida huo. Weka picha ya kadi.

mama_wawili
Aweke kadi yake ya kliniki humu ili iweje? We fundi una adabu kweli?

fundi_makini
Mimi nasema tu watu wanalia humu kwa stori za kutunga. Mwaka jana si yule wa figo.

kijana_wa_juu
Yule wa figo alikuwa kweli bwana, aliyetunga ni yule wa mirathi.

sisimizi
Hapana, wa mirathi alifungiwa kwa kesi nyingine. Chai ilikuwa ya yule aliyeoa mapacha.

bi_mkunga
Nyinyi endeleeni na mapacha wenu. Nyota, uliuliza begi, nakujibu begi. Chukua sanduku, lakini usilijaze mpaka juu, na lisiwe la kufunga kwa namba. Juu kabisa weka bahasha: kadi, picha zote mbili za utrasaundi, karatasi ya kundi lako la damu. Chupi za mpira uliopanda mpaka kitovuni, zile fupi mpira wake unakaa juu ya mshono utalia. Magauni mapana, suruali acha nyumbani. Mto mdogo, utaukumbatia tumboni ukitaka kukohoa au kucheka. Rangi ya kucha toa, kile kibanio cha kidole kinachopima hewa huwa hakisomi vizuri juu ya rangi. Pete na hereni mwachie dada. Na kaeni na ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu, muwe na namba zao kwenye karatasi sio kwenye simu tu, simu huzima. Kibegi chako weka vitu vya mtoto, kiingie ndani ya sanduku.

nyota_njema
Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma yote haya, sikujua. Hajasema kitu. Ameenda kulileta sanduku ameliweka kitandani.

nyota_njema
Mama naogopa tu ile sindano ya mgongo.

bi_mkunga
Inaogopesha mpaka inapoingia. Utainama ukumbatie mto, nesi atakushika mabega, baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito kama sio yako. Utasikia wanakuvuta vuta lakini hutasikia maumivu, na mtoto akilia utamsikia. Kesho asubuhi nenda ukaongee na daktari, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwulize siku ya kulazwa.

nyota_njema
Sawa mama. Kesho mume wangu atanipeleka, nimeshamwambia.

sisimizi
Kwa gari?

nyota_njema
Ndio.

fundi_makini
Lile la gia boksi? Alitengeneza?

nyota_njema
Anasema siku hizi inagonga mara moja moja tu.

bi_mkunga
Tafuteni gari lingine.